Nilivyopanda Ndege ya Watu Kwenda Akra kwa Vero

Asubuhi ile waliokuwepo kunisindikiza ni hawa: Bura, mwanangu wa kwanza, Roza mkewe, ambaye ndiye alinifunga kilemba kikakaa, Mama Naman, jirani yangu hapa Nangara, tuliyechunga naye tangu tukiwa wasichana, mdogo wangu Daniel, aliyetoka Sigino kwa baiskeli, na katekista Petro, aliyekuja kuniombea safari njema akaomba mpaka chai ikapoa. Wengine walipita tu njiani wakanipungia mkono. Nao nawakumbuka wote, lakini nikiwataja mmoja mmoja hatutoki Babati leo.

Tangu nimerudi mnaniuliza ilikuwaje. Mmoja nimemsimulia kisimani, mwingine baada ya jumuiya, na sasa nasikia habari zimeshachanganyika, kuna wanaosema nilikamatwa Nairobi. Sikukamatwa. Nimeamua kuandika mwenyewe. Darasa langu ni la nne, mnivumilie.

Kwanza mjue nilifuata nini. Vero ni kitinda mimba wangu. Aliolewa na Kwesi, kijana wa Ghana waliyekutana kazini Arusha, akamfuata kwao Akra. Huko mimba mbili ziliharibika. Ya tatu ikashika, lakini daktari akasema mtoto atatolewa kwa kupasuliwa, na siku ikapangwa. Vero akanipigia simu.

"Mama," akasema, "zile mara mbili nililia peke yangu. Hii ya tatu, iwe kilio au iwe kicheko, nataka uwepo."

Nikamwambia nitakuwepo. Kwesi akashughulika na tiketi, Bura akashughulika na pasipoti, mimi nikashughulika na samli na unga wa ulezi, maana mzazi hanyweshwi uji wa dukani. Ndege yenyewe ya kwenda kule haiondoki kila siku. Ningeikosa, mjukuu wangu angezaliwa mimi nimekaa kwenye benchi la nchi ya watu.

Kutoka Nangara mpaka uwanja wa Kilimanjaro

Bura alinisindikiza kwa basi. Tulikwenda vizuri mpaka Magugu, pale gari likaanza kutoa moshi chini kama jiko la mkaa mbichi. Dereva akashuka, akachungulia, akarudi na uso wa msiba.

Kondakta akatangaza, "Abiria wote tunawafaulisha! Gari linakuja nyuma!"

Wenzangu wa Babati mnakujua kufaulishwa. Nauli umelipa kwa huyu, gari lake limekufa, anakutupia kwa mwenzake, na yule kondakta mpya anakutazama kama umempandia gari usiku. Ndivyo ilivyokuwa.

"Bibi, nauli."

"Nimeshalipa kule."

"Kule wapi? Mimi nakujua?"

"Si mmenipokea na macho yenu, kijana? Mwenzako yule pale amevaa shati la njano."

"Basi mfuate mwenye shati akurudishie."

Bura akaingilia, maneno yakawa mengi, mwisho wakaniacha nikae juu ya kiroba cha mchele wa Magugu mpaka Makuyuni. Bura mwenyewe alisimama, hasira zimempanda. Akaniinamia, akaniambia, "Mama, nisikilize vizuri. Huko mbele sitakuwepo. Usikubali mtu akufaulishe. Karatasi yako ina picha ya nyota ya bluu na ina namba. Panda chenye nyota na namba hiyo. Mwingine akikuita, hata awe amevaa tai, mwambie mimi si abiria wako."

Nikalishika neno lile kama sala.

Kilimanjaro mpaka Nairobi

Uwanjani Bura alizuiwa mlangoni. Nikaingia peke yangu. Dada wa kaunta jina lake Happy, mtoto wa Karatu, mwenye mwanya mzuri. Alinipa karatasi mbili ngumu za kupandia, wanaziita pasi, moja ya Nairobi na moja ya Akra, kisha akauchukua mfuko wangu.

"Huu utaupokea Akra, Bibi."

"Na Nairobi nani ataubeba?"

"Utabebwa."

"Na nani? Jina lake?"

Happy akacheka, akabandika kijikaratasi cha mistari mgongoni mwa ile pasi ya Akra. "Hii ndiyo alama ya mfuko wako. Usiibandue." Mfuko ukaenda kwenye mpira unaotembea, ukapita pazia. Mle ndani mlikuwa na samli ya miezi. Nilihisi kama nimeacha mtoto kwa watu nisiowajua.

Ndege ilikuwa ile ya mapangaboi yanayozunguka mbawani, na mkiani ina nyota ya bluu kabisa. Nikapanda na amani. Kiti cha jirani alikaa Mmasai mtu mzima, shuka nyekundu, juu yake koti la suti, na kiunoni ala isiyo na sime.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba. Wa wapi?"

"Simanjiro, kule Orkesumet. Naitwa Lemayani."

"Basi ng'ombe wa baba yangu unao wewe," nikamtania, maana zamani Wamasai walituibia mifugo.

"Wapo kwa wajukuu zangu," akajibu bila kutikisika. "Wanakusalimu. Mmoja amezaa juzi."

Tangu hapo tukawa ndugu. Alikuwa anakwenda Akra hukohuko, kwenye mkutano wa wafugaji wa nchi nyingi, na amewahi kwenda mikutano ya namna hiyo. Nikamsimulia habari za kwetu Nangara, tulivyofaulishwa Magugu na onyo la mwanangu Bura, kisha habari ya Vero. Hapo akaacha utani, akasema, "Mungu atampa." Mhudumu akatuletea kipakiti cha karanga. Nikadhani ni za kuonja kabla ya chakula. Nikasubiri chakula mpaka magurudumu yakagusa Nairobi.

Nairobi, tulipokaa

Pale Nairobi mvua ilikuwa inamwagika kama imetumwa. Wakasema ndege zinachelewa. Lemayani alinipitisha mpaka mlango tuliokuwa tunausubiri, tukakaa kwenye viti vya chuma vyenye baridi. Akaninunulia chai ya maziwa na andazi. Chai ya Wakenya nawapa heshima yao, maziwa hawayaonei haya.

Ukutani palikuwa na kioo cha kuonyesha ndege. Kiingereza chake sikijui, lakini namba nasoma. Nikaitafuta ya kwangu, nikaiona imeandikwa mbele ya Akra, moyo ukatulia. Mara ikafutika. Mahali palepale ikaja namba nyingine.

"Lemayani, wameifuta ndege yangu!"

"Subiri."

Namba yangu ikarudi. Nikashusha pumzi. Ikafutika tena, ikaja ile ngeni.

"Hiyo nyingine inayopokezana na yako ni yangu," akasema Lemayani, akanionyesha pasi yake. Kweli, namba ile ngeni ilikuwa ya kwake. "Mimi na wewe tunapanda ndege moja, mama."

"Moja vipi na namba mbili?"

"Ndege moja, wameiuza watu wawili. Mimi nimenunua kwa wenye ndege. Wewe umenunua kwa wale wa nyota."

Neno "wameiuza watu wawili" ndilo lililoniharibu kabisa. Hapa kwetu shamba likiuzwa kwa watu wawili mnaonana barazani kwa mtendaji. Nikatazama nje. Palikuwa pamesimama ndege kubwa, nyeupe, na mstari mwekundu tumboni. Nyota hamna. Wala nusu ya nyota.

"Ile siyo yangu," nikasema.

"Ndiyo yenyewe. Tazama karatasi yako hapa chini, kuna maandishi madogo. Yanasema anayeendesha ni huyu mwenye mstari mwekundu."

"Maandishi madogo ni ya wezi. Mtu mwema anaandika nikaona."

Lemayani akavuta pumzi ndefu. Akaniuliza, "Kwenu Nangara mnachungaje mbuzi?"

"Kwa zamu. Nyumba nne. Leo mimi, kesho Mama Naman, na kuendelea."

"Siku ya Mama Naman, mbuzi wako wanakwenda na fimbo ya nani?"

"Ya Mama Naman."

"Wanakuwa wake?"

"Thubutu! Wana alama zangu masikioni."

"Na mmoja akipotea?"

"Simfuati fisi. Namfuata mwenye zamu."

"Haya. Hawa wa nyota hawana ndege ya kufika Akra. Wamepatana na hawa wa mstari mwekundu: ninyi mchunge upande huo, sisi tutachunga kwenye njia zetu. Kila mmoja anauza viti kwa jina lake na namba yake, lakini fimbo anashika mmoja. Wewe una alama ya nyota, umo kwenye zamu ya mstari mwekundu. Si kufaulishwa. Kufaulishwa ni gari kufa. Haya wamepatana kabla hujatoka kwako."

Maneno yalikuwa mazuri. Lakini aliyeyasema ni nani?

"Lemayani," nikamwambia, "baba yangu akifufuka akanikuta Mmasai ananiambia mifugo yangu iko salama kwa mwenzake, atarudi kaburini mwenyewe."

Alicheka mpaka akashika ala yake. Kisha watu wakaanza kupanga foleni, akasimama. "Twende, mama."

"Wewe nenda, ni yako. Mimi nasubiri ya nyota."

"Haiji."

"Bura amesema nisikubali."

"Bura yuko Babati!"

"Ndiyo, na maneno yake ninayo mimi."

Akanibembeleza, akaniamkia mara ya pili, akasema hata habari ya Vero. Nikakaza. Nilikuwa naogopa kitu kimoja tu: nipande ndege isiyo yangu, wanishushe mji nisioujua, Vero aingie chumba cha kupasuliwa ananiangalia mlangoni. Huku nimekaa kwenye kiti kile cha chuma, jambo lilelile nililokuwa nalikimbia nikawa nalipika mwenyewe. Sikujua. Foleni ikaisha. Lemayani akaingia wa mwisho, anageuka nyuma kila hatua.

Pakawa kimya. Nikabaki mimi na kikombe cha karatasi.

Mara kipaza sauti kikasema, "Magdalena Gwandu. Abiria Magdalena Gwandu, safari ya Akra."

Jina langu, na la baba yangu! Nikatazama kushoto na kulia. Dada mmoja wa pale mlangoni, amevaa skafu yenye mstari mwekundu, akanijia nusu anakimbia. Kwenye kifua ameandikwa Njeri, na kwao bibi wanamwita shosho.

"Shosho, ni wewe Magdalena? Watu wote wako ndani. Tunangoja wewe tu!"

"Ndege yangu ina nyota."

"Nyota ni ya ile imekuleta. Sisi na wao tunafanya pamoja. Wewe ni wetu leo."

"Unanijua mimi?"

"Nakujua, Shosho. Magdalena Gwandu, kiti cha dirisha, mtoto wako amesema usipewe cha katikati, miguu inavimba."

Yule kondakta wa Magugu hakunijua hata baada ya kunitazama. Huyu ananijua mpaka miguu. Lakini nilikuwa bado nimekalia kiti. Njeri akatazama pasi yangu, akaona kile kijikaratasi mgongoni, akazungumza kwenye simu yake ya upepo.

"Ngojeni, msishushe bado. Nimempata."

"Kushusha nini?" nikauliza.

"Mfuko wako. Mwenyewe asipopanda, mzigo hauruki. Vijana wako chini kwa mvua wanautoa." Simu ya upepo ikakoroma, Njeri akasikiliza, akakunja pua akicheka. "Wanasema wameupata. Umefungwa na kamba ya katani na unanukia samli nchi nzima. Ni huo?"

Wenzangu, nilisimama kama msichana. Mfuko wangu uko tumboni mwa ile ndege! Mbuzi wangu walishatoka na mwenye zamu asubuhi, na mimi mwenye mbuzi nimebaki zizini nabishana.

"Ni huo! Waambie wasiushushe! Waambie nakuja!"

"Kimbia basi, Shosho!"

"Sikimbii, nina goti. Nishike."

Akanishika kiuno, tukaenda lile daraja refu lisilo na maji chini, mimi nimeacha andazi nusu. Njeri wa watu, Mungu ampe mume mwenye subira kama yeye.

Nairobi mpaka Akra

Nilipoingia, ndege nzima ilinitazama. Nyuso za watu waliochelewa kwa mvua, kisha wakachelewa kwa mzee. Nikasema kwa sauti, "Samahanini jamani, nilikuwa nasubiri ndege." Waliojua Kiswahili wakacheka, wakawatafsiria wengine, ikawa heri.

Lemayani alikuwa safu yangu, kiti cha kando ya njia. Hakuniangalia. Akasema tu, "Karibu kwenye ndege ya watu."

"Nyamaza, mwizi wa ng'ombe."

Tuliporuka, nikalia kidogo. Nilikuwa nimeona jinsi nilivyokaribia kubaki.

Safari hii chakula kilikuja kweli. Mhudumu akauliza kuku au samaki. Nikachukua kuku, na wali, na kijibakuli cha kitu baridi kama uji wa maziwa uliotiwa sukari. Lemayani akamuuliza mhudumu wa watu kama hawana ng'ombe. Hawakuwa naye. Akachukua mkate, akaupaka siagi yake na siagi yangu, akasema mkutano ujao ataandika malalamiko kwa niaba ya Simanjiro yote.

Nikamuuliza kilichokuwa kinanikera bado. "Kama umeniambia ukweli, mbona sikukuamini?"

"Kwa sababu una akili," akasema. "Mtu akuambie panda, unapanda tu? Mimi mara ya kwanza niliwauliza wanne. Mmoja wao alikuwa polisi."

Kuanzia hapo nilitazama mawingu. Mara nyingine chini palikuwa na kijani hakina mwisho, na nyumba hamna. Nilikuwa nazungumza na Vero moyoni: tulia, usiharakishe, mama yako yumo ndani ya kitu kinachokuja.

Akra

Joto la Akra lilinipokea mlangoni mwa ndege. Jua lilikuwa linakaribia kuzama. Mfuko wangu ulitoka kwenye mpira miongoni mwa ya kwanza, labda kwa sababu wale vijana walishausogeza mlangoni, kamba ya katani iko vilevile, umelowa mvua ya Nairobi. Lemayani aliuinua yeye mwenyewe. Tukaagana pale. Akasema, "Mtoto akizaliwa, mwambie ana ng'ombe Orkesumet." Nikamwambia ndiyo, wa babu yake.

Nje alikuwa Kwesi, amekonda kwa mawazo. Akapiga goti mbele za watu, akasema, "Shikamoo, Mama," vizuri kabisa, Vero amemfundisha. Pembeni yake mama yake mzazi, Mama Esi, mwanamke mnene, mweusi wa kung'aa, ambaye Kiswahili hajui, nami Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu. Akanikumbatia mpaka kilemba cha Roza kikafunguka.

Garini akanipa chakula alichobeba, kama ugali uliochachushwa ukafungwa kwenye maganda ya mahindi, na samaki wa kukaanga, na pilipili. Pilipili ile! Nilitokwa machozi, Mama Esi akadhani nimeshikwa na uchungu wa mwanangu, naye akaanza kulia. Kwesi akabaki anaendesha gari katikati ya wanawake wawili wanaolia, kila mmoja kwa sababu yake.

Tulikwenda hospitali moja kwa moja. Vero alikuwa amelazwa tayari kwa ajili ya asubuhi. Aliponiona alinyoosha mikono kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. Nikamshika. Tumbo lilikuwa kati yetu, na mle ndani mtu akapiga teke.

"Mama, mbona mmechelewa? Nilidhani hujapanda."

"Sikupanda. Nilikuwa nabishana na Mmasai."

"Kuhusu nini?"

"Mbuzi."

Akacheka mpaka nesi akaja kumkemea, akishika tumbo, anasema, "Mama, usinichekeshe, nitazaa hapahapa." Kicheko hicho Kwesi alisema hajakisikia tangu mwaka uliopita.

Asubuhi wakaja na kitanda cha magurudumu. Nesi akasema mmoja tu anaruhusiwa kumsindikiza mpaka mlango wa mwisho na kukaa pale. Kwa desturi zao nilijua ni haki ya Mama Esi, yeye ndiye mwenyeji na mtoto ni wa kwao. Nikarudi nyuma. Mama Esi akanishika mkono, akanitanguliza mbele yake, akasema maneno ya kwao. Kwesi akanifasiria baadaye. Alisema, "Huyu ametoka mbali. Mimi nitasikia kutoka hapa."

Nikatembea na kitanda, nimemshika Vero vidole. Penye mlango wa mwisho akaniuliza, "Utakuwepo?"

"Sina ndege nyingine ya kwenda," nikamwambia.

Mlango ukafungwa. Niliomba kwa Kiswahili, nikaomba kwa lugha ya mama yangu, maneno yakaisha, nikabaki nimeweka kiganja kwenye mlango. Ndipo nikasikia. Kwanza kama paka mdogo. Kisha sauti ikapasuka, kali, ya mtu aliyekasirishwa. Nyuma huko kwenye korido Mama Esi akapiga kigelegele cha kwao, nami nikajibu cha kwetu, na nesi akatukemea wote wawili.

Ni msichana. Wamempa jina la siku aliyozaliwa kwa desturi ya baba yake, na la pili ni Magdalena. Vero alikunywa uji wa ulezi na samli siku ileile waliyomruhusu kula, na Mama Esi akajifunza kuupika. Anautia tangawizi, nimemwacha.

Haya ndiyo ninayokumbuka. Nimesimulia kwa kichwa changu mwenyewe, na kichwa kina umri. Bura, kama maneno yako pale kwenye basi hayakuwa hivyo, sema. Mama Naman, kama nyumba za zamu zilikuwa tano na mimi nimesema nne, nisahihishe, sitakasirika. Na yeyote atakayepita Simanjiro akamkuta Lemayani, amuulize upande wake. Najua atasema nilipiga kelele kuliko nilivyoandika. Rangi ya ule mstari, jina la kile chakula, yote hayo naweza kuwa nimekosea, mnirekebishe. Ila kile kilio cha mlangoni msikiguse. Nilikuwepo.